Mwaka Uliokataa Kufika Kiunoni

Hadithi inapita, mwenye miguu mirefu aikunje.

Kuna nchi moja ambayo jina lake lilibadilishwa mara nyingi kwa heshima ya wakubwa mbalimbali, hata wenyeji wakachoka kulikariri wakawa wanaiita "hapa" tu. Hapa, wajukuu zangu, palikuwa na amani tele. Watu hawakugombana barabarani, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuwapo barabarani.

Si kwamba Serikali ilikuwa na roho mbaya, hata kidogo. Serikali ilipenda sana kuwahesabu watu wake, na ubaya wa watu ni kwamba hawatulii. Karani anamaliza nyumba ya kwanza, anaingia ya pili, akifika ya tatu anawakuta wale wa nyumba ya kwanza wamekuja kuazima chumvi, anawahesabu tena. Mwaka mmoja ikaonekana nchi ina watu wengi kuliko waliowahi kuzaliwa. Ndipo ikatungwa sheria fupi na tamu: kila mtu abaki katika mtaa ambao Mwaka Mpya umemkuta, mpaka Kiuno, na mtaa ambao Kiuno kimemkuta, abaki humo mpaka mwaka uishe.

Kiuno ndilo jina la huko la siku inayougawa mwaka nusu kwa nusu, pale mwaka unapofungia shuka yake. Mababu walikuwa nayo siku hiyo kabla Serikali haijazaliwa. Walikuwa wakifagia nyumba, wakioga, na kutembeleana. Serikali ikaikuta siku imekaa bure, ikaipa kazi. Ikawa siku ya Kiuno, tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, miti ya vizuizi inainuliwa barabara zote, na kila mtu yuko huru kwenda atakako, mradi jua likizama awe amefika.

Sasa, siku ya mwisho ya mwaka mmoja, ambayo nayo vizuizi huinuliwa, Bi Siwema wa kijiji cha Mtakuja alifunga safari kwenda mtaa wa Tulieni. Binti yake wa pekee, Mize, alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa desturi ya huko, habari ya mimba ya kwanza haiandikiwi barua. Mama wa binti huipeleka kwa miguu yake mwenyewe kwa mama wa mume, pamoja na bakuli la kashata. Bi Siwema akaipeleka. Mama wa mume, Bi Mwatima, akampokea vizuri, akamwekea chai, na mvua ilipoanza akamwambia, "Kaa kidogo, mkwe, hii itakatika sasa hivi."

Haikukatika. Asubuhi Bi Siwema alipoamka, ulikuwa Mwaka Mpya, na yeye alikuwa mkazi halali wa Tulieni.

*

Mnajua wenyewe mtu anavyokaa ukweni. Hukohoi upendavyo. Chakula unakidonoa kama kifaranga huku tumbo linakutukana. Bi Siwema alikaa hivyo miezi, akapungua hata pete ikawa inamcheza kidoleni. Na Bi Mwatima, ambaye tangu azikwe mumewe alikuwa anaishi peke yake kwa raha zake, naye alikaa kama yuko ukweni nyumbani kwake mwenyewe. Alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Alifagia asubuhi, akafagia alasiri, na picha ya Mtukufu, mkuu wa nchi, iliyokuwa sebuleni aliivisha kitambaa cha kufuma ili vumbi lisimwingie Mtukufu machoni.

Kilichowaokoa ni vitendawili. Bi Siwema alikuwa navyo kama mtu mwingine anavyokuwa na kikohozi.

"Kitendawili."

"Mkwe, sijameza hata tonge."

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Nimefugiwa ng'ombe ukutani. Hali nyasi, hatoi maziwa, na kila mwezi natakiwa nishukuru kwamba ninaye."

Bi Mwatima akatazama ukutani. Pale, kando ya picha, palikuwa na bomba la maji. Kila nyumba hapo nchini ilikuwa nalo. Lilikuwa la shaba, linang'aa, limepigiliwa misumari vizuri, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila ukuta. Mtukufu mwenyewe alikuwa ametangaza kwamba mabomba yametangulia na maji yatafuata, kufikia Kiuno.

"Jibu silijui," Bi Mwatima akasema kwa sauti ya chini.

"Unalijua."

"Nakupa mji."

Ndivyo mchezo ulivyo: ukishindwa kutegua unampa mwenzako mji. Bi Mwatima alikuwa mwoga wa majibu, kwa hiyo alitoa miji. Kufikia mvua za masika Bi Siwema alikuwa amepewa miji yote ya nchi, na bandari, na makao makuu yenyewe. Ilikuwa yake yote, na hakuna hata mmoja aliokuwa na ruhusa ya kwenda.

"Umenimaliza," Bi Mwatima akalalamika siku moja. "Sina tena mji wa kukupa."

"Nipe Mtakuja."

"Mtakuja si mji, ni kijiji."

"Nipe hivyohivyo. Mize atajifungua Kiuno kikigeuka tu. Mimi ndiye wa kumpa mtoto jina."

Hilo nalo lilikuwa desturi, tena ya kutochezewa. Huko mtoto hupewa jina na bibi mzaa mama, akiwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba ambayo mtoto amezaliwa. Bibi akiwa hayupo, mtoto anaitwa "wewe". Walikuwapo watu wazima hapo nchini wanaitwa wewe mpaka leo, na maisha yao hayakuwa mazuri.

Bi Mwatima akamtazama mkwewe, akaona machozi yako karibu, akahama mahali alipoketi akasogea. "Ni mjukuu wangu pia," akasema. "Utakwenda. Kiuno si kinakuja? Siku hazijawahi kugoma."

*

Kiuno kilipokaribia, watu wa Tulieni wakaitwa uwanjani kuhutubiwa na Waziri wa Katikati na Mambo Yaliyosalia. Bi Siwema alikwenda na furushi lake kabisa, maana aliona haina haja ya kurudi ndani kulifuata.

Waziri alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri. Alianza kwa kulisifia jua, kwamba chini ya uongozi uliopo limechomoza kila siku bila kukosa. Kisha akakunja uso.

"Ndugu wananchi, wako watu wachache wanaosema Kiuno ni keshokutwa. Nawauliza watu hao: nani kawaambia? Wamekipima kwa kitu gani? Kiuno hakiji kwa sababu ya siku kupita. Kupitiwa na siku hata mbuzi anaweza. Kiuno ni heshima, na mwaka ni lazima uistahili."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa aliyesimama nyuma yao alikuwa ameanza.

Waziri akaeleza kuwa imeundwa Tume ya Maana na Matumizi ya Kiuno, yenye wasomi, mabingwa, na shemeji yake mmoja. Tume imekaa, imekula, na imetoa maana rasmi: Kiuno cha mwaka ni siku ambayo Mtukufu, akitazama alichoahidi kufikia Kiuno, ataona kimefika.

"Sasa fuateni kwa makini," Waziri akasema. "Maji yamefika?"

"Hayajafika," watu wakasema.

"Basi Kiuno hakijafika. Na kama Kiuno hakijafika, je, kuna ahadi iliyovunjwa?"

Watu wakafikiri, wakakuta kweli hakuna. Mzee mmoja akatikisa kichwa kwa mshangao, kama mtu aliyeibiwa kofia huku ameivaa.

Bi Siwema akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Keshokutwa yenyewe itakuwa siku gani?"

"Mkesha wa Kiuno, mama."

"Na mtondo?"

"Mkesha wa Kiuno."

"Na mtondogoo?"

Waziri akatabasamu kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. "Mama huyu ameelewa. Mpeni soda."

Soda haikuwapo, ilikuwa ifike kufikia Kiuno.

Kabla ya kushuka jukwaani Waziri akakumbusha kwamba, kwa kuwa neno hilo sasa lina maana rasmi, halitumiki ovyo. Litatumiwa na Wizara, na watu wenye kibali. Fundi cherehani wa mtaa, Mwinyi Usi, ambaye kazi yake ni kupima watu viuno, akauliza yeye afanyeje. Akaambiwa atafute lugha ya staha. Tangu siku hiyo mtu akienda kwake kushona suruali anaulizwa, "Sehemu ya Serikali inchi ngapi?"

*

Hapo ndipo balaa lilipoingia, na wala Waziri hakulikusudia. Alikuwa tu hajawahi kukaa nyumbani siku ya mkesha.

Mkesha wa Kiuno una miko yake. Siku hiyo hakuna kushika ufagio. Vumbi la nusu mwaka linaachwa lilale, lije kutolewa lote pamoja siku ya Kiuno yenyewe. Ukilitoa mapema umefukuza bahati ya nyumba. Siku hiyo hakipikwi chakula kingine ila makande. Na wenye safari huweka mafurushi yao mlangoni. Ni siku moja tu, nani atashindwa?

Lakini sasa kila kulipokucha ulikuwa mkesha.

Wiki ya kwanza watu walicheka. Wiki zilizofuata vicheko vikapungua. Maganda, manyoya ya kuku, majani, mchanga, nywele, vyote vilikaa palepale vilipoangukia. Majumbani watu walitembea kwa kuinua magoti. Barabarani taka zilifika madirishani. Makande yalipikwa yakapikwa tena, mpaka watoto wakawa wakisikia harufu ya maharage wanalia. Na pale mlangoni, furushi la Bi Siwema lilikaa, akawa analiruka akiingia na kulisalimu akitoka.

Aliyeumia kuliko wote ni Bi Mwatima. Mikono yake ilikuwa inafagia hewani pasipo yeye kujua. Usingizini alisema, "Pale kwenye kona, pale." Lakini sheria alikuwa hajaivunja tangu azaliwe, na desturi vilevile, na sasa vyote viwili vilikuwa vimekaa juu yake kama watu wawili kwenye kiti kimoja.

Mjumbe wa mtaa, Bwana Ngwali, alipita nyumba hadi nyumba kukagua. Aliingia kwa Bi Mwatima, akachutama, akapitisha kidole sakafuni, akakinusa.

"Vumbi la nyumba hii bado changa," akasema.

"Changa vipi, Ngwali? Nimelilea mwenyewe."

"Kwa Mwinyi Usi limefika mbali. Limeota mchicha."

"Mwinyi Usi ni mchafu toka tumboni mwa mamake. Usinilinganishe."

Bi Siwema akaingilia, kwa unyenyekevu wote wa mgeni. "Bwana mjumbe, hebu nieleweshe mimi mtu wa shamba. Huyu mtoto aliye tumboni kwa binti yangu naye amepelekewa barua kuwa asubiri?"

Ngwali akajikuna. Alikuwa kijana wa kiasi, mnyonge wa sura, shati lake halikupigwa pasi. "Mama, mimi nakagua vumbi. Mambo ya uzazi yana idara yake."

"Mkeo hajambo?"

"Yuko kwa mama yake. Mwaka Mpya ulimkutia huko." Akatazama pembeni. "Kuna makande hapa?"

Wakampakulia. Alikula akiwa amesimama, kikazi, akashukuru, akaenda zake, na nyayo zake zikabaki sakafuni kama mtu aliyepita kwenye unga.

*

Mtoto hakupelekewa barua.

Habari yake ilikuja kwa redio, katika kipindi cha salamu, asubuhi, wanawake wawili wakichambua maharage kwa mara ya ngapi sijui. Mtangazaji akasoma salamu za watu wa Mtakuja, na kati yake akasema kwa sauti yake ileile ya siku zote: salamu hizi zimwendee Bi Siwema popote alipo, yaani Tulieni, zinatoka kwa binti yake Mize na mkwewe Sudi, ujumbe wao unasema mgeni wetu ameteremka salama, ni wa kike, na jina lake ni wewe mpaka bibi yake atakapofika. Kisha akaweka muziki.

Bi Mwatima alisubiri. Alisubiri walie, au wacheke, au ategewe hata kitendawili kibaya cha kitoto. Mkwewe aliendelea kuchambua, akitupa maharage mazima kwenye taka na mabovu akiyaweka sufuriani.

"Kitendawili," Bi Mwatima akasema mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Harage jingine zima likaenda kwenye taka.

"Mkwe. Nimesema kitendawili."

"Sina mji wa kukupa," Bi Siwema akasema. "Niliyo nayo ni ya bure yote."

Bi Mwatima akaweka ungo chini. Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na ufagio wa chelewa. Akaanzia kwenye kona, pale.

Ufagio una sauti yake, na katika mtaa ambao haujaisikia kwa muda mrefu namna ile, sauti hiyo inafika mbali. Jirani wa kushoto akanyamaza kusikiliza. Halafu na kwake kukaanza, taratibu kwanza, shwaa, shwaa, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Kisha ng'ambo ya barabara. Kisha kwa Mwinyi Usi, ambaye ilibidi aanze na panga.

Ngwali akaja mbio. "Bi Mwatima, nimesikia sauti."

"Sauti ya nini?"

"Ya... ya kitu kinachofagia."

"Ngwali mwanangu," Bi Mwatima akasema bila kuinuka, "wewe umepungukiwa na mke, shati na chakula. Ufagio uko mwingine nyuma ya mlango. Shika, au toka kwenye vumbi nisikufagie na wewe."

Ngwali akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama picha ya Mtukufu, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa haioni kwa vumbi. Akashika.

Walifagia mtaa mzima. Taka walizisukuma mbele yao, mlima kwa mlima, mpaka kwenye kizuizi cha barabara ya Mtakuja, na kila mwenye furushi alikuwa amelishika. Kama watu wamefagia, hiyo ni siku gani tena kama si Kiuno? Bi Siwema alikuwa mbele, kanga ameifunga vizuri, kwa mara ya kwanza tangu Mwaka Mpya akitembea bila kuona haya.

*

Kizuizini alikuwapo Koplo Makungu. Huyu Mwaka Mpya ulimkuta akiwa zamu, chini ya ule mti wa kizuizi, kwa hiyo alikuwa ameandikishwa kuwa mkazi wa hapohapo. Alipika hapo na kulala hapo. Hakuruhusiwa kuvuka upande huu wala upande ule.

"Tufungulie, koplo," watu wakasema. "Tumefagia."

"Ngojeni," Makungu akasema, akaelekeza kidole juu. Kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo kilikuwa kinakohoa.

Ilikuwa sauti ya Waziri, imejaa furaha. Alisema Wizara imepokea kwa bashasha taarifa za kufagia. Kila mtu anajua kuwa wananchi hufagia Kiuno kinapokuwa kimefika. Kwa hiyo Wizara imechunguza, na imegundua kwamba Kiuno kimeshafika. Tena kilifika zamani, siku yake ileile ya kawaida, kimyakimya, kwa unyenyekevu. Maji nayo yalifika siku hiyo. Yalipoona watu hawajafungua mabomba, yakaondoka. Vizuizi vilikuwa wazi kutwa nzima, na ambaye hakuitumia nafasi hiyo asiilaumu Serikali. Kila mmoja anapongezwa kwa kuingia nusu ya pili ya mwaka, na ataendelea kuishi pale ambapo Kiuno kilimkuta, mpaka mwaka uishe. Ufagiaji uendelee.

Kikazima.

Mtu mmoja alicheka kidogo, peke yake, akaacha. Makungu alikuwa anaangalia viatu vyake. "Siku hiyo nilikuwapo hapa," akasema. "Sikukiona kikipita. Lakini mimi nani."

Bi Siwema akageuka. Furushi lake lilikuwa zito kuliko lilipokuja. Bi Mwatima alimpokea upande mmoja, wakalibeba wote wawili mpaka nyumbani, wakaliingiza ndani. Halikuwekwa tena mlangoni. Lilitiwa uvunguni, na hilo ndilo lililomliza Bi Siwema, siyo kipaza sauti.

*

Sasa sikilizeni jambo ambalo mabingwa wa Tume walilisahau, pamoja na shemeji.

Alasiri moja mlango ukabishwa, Bi Mwatima akafungua, akamkuta Mize amesimama, amembeba mtoto mchanga ndani ya mbeleko ya zambarau. Bi Siwema alitoka chumbani akashika ukuta.

"Umepitaje wewe?" akauliza. "Utafungwa."

"Mimi sikusafiri, mama. Anayesafiri ni huyu."

Akaeleza akiwa anakunywa uji. Mtoto alizaliwa ule wakati wa mikesha. Mwaka Mpya haukumkuta popote. Kiuno nacho, kwa kauli ya Waziri mwenyewe, kilikuwa kimeshapita kabla hajazaliwa, hakikumkuta popote. Nchi nzima ni yeye peke yake asiyekuwa na mtaa, na asiye na mtaa hazuiliwi kwenda mtaa wowote.

"Nikamwambia yule koplo," Mize akasema, "msafiri ni huyu. Akasoma kitabu chake cha sheria mbele nyuma, akakubali. Akaniuliza, na wewe? Nikamwambia, msafiri halali si anaruhusiwa chakula cha njiani? Akasema anaruhusiwa. Nikamwambia, basi mimi ndiye chakula chake."

Bi Mwatima akacheka mpaka akakaa chini. Sakafu ilikuwa safi.

"Akaandika," Mize akaendelea. "Msafiri mmoja, chakula kimoja, mbeleko moja. Tuna siku chache. Akasema vilivyoingia ndivyo vitakavyotoka, hesabu isizidi wala isipungue."

Wakapokezana mtoto. Bi Siwema alimtazama paji la uso, Bi Mwatima alimtazama vidole vya miguu, wakagombana kidogo juu ya pua. Kila mmoja alimwita "wewe", na kila walipomwita Bi Siwema alikunja uso kama mtu anayekanyaga mwiba. Jina alikuwa nalo mdomoni. Lakini kizingiti kilikuwa Mtakuja, na hapa ni Tulieni.

Siku ya kuondoka ilipofika, Mize alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Bi Mwatima akamzuia. Akafungua fundo, akaivuta ile mbeleko ya zambarau taratibu, akaikunja, akaikumbatia kifuani.

"Hii inabaki kwangu," akasema. "Mbeleko ya mtoto ni huyu." Na akamsukuma Bi Siwema mbele, kwa bega.

Wote watatu wakaihesabu akilini hesabu ya Makungu. Ilikuwa sawasawa.

"Mkwe," Bi Siwema akasema, "kule yuko mwanao. Hujamwona Sudi tangu lini? Mbeleko unaweza kuwa wewe."

"Naweza."

"Basi."

"Basi nini? Mimi nikifika pale kizingitini nitasimama nifanye nini? Nitamwita wewe?" Bi Mwatima aliinusa ile nguo, akaifunga kichwani kama kilemba. "Nenda. Umenikalia mno hapa ndani na vitendawili vyako. Na jina langu usimpe, tafadhali. Limekaa sana ndani ya nyumba, lina vumbi."

*

Koplo Makungu alikuwa anakoroga makande yake. Aliwaona wakija, akafuta mikono, akafungua kitabu.

"Msafiri?"

Mize akamwonyesha mtoto.

"Chakula?"

"Mimi."

"Mbeleko?"

Mize akamshika mama yake begani. "Hii hapa."

Makungu akamtazama Bi Siwema tangu utosini mpaka kandambili. Alimtambua, alikuwa amemwona mbele ya wafagiaji.

"Mbeleko iliyoingia ilikuwa zambarau."

"Imefuliwa," Mize akasema. "Imepauka."

"Ilikuwa nyepesi."

"Imelowa."

Makungu akatazama uso wa Bi Siwema, akakuta hilo nalo ni kweli. Akageuza ukurasa bila kuusoma.

"Inaongea?"

Bi Siwema alikuwa na kitendawili mdomoni kumhusu mtu aliyefungwa kwenye mti wake mwenyewe, kizuri kuliko vyote alivyowahi kutunga. Akakimeza.

"Haiongei," Mize akasema.

"Vizuri." Akaandika polepole, akitamka kila neno kama alivyofundishwa: "Mbeleko moja. Kuukuu." Akavuta kamba, mti ukainuka. Alisimama upande wake, ncha za viatu karibu kabisa na mstari, akiitazama barabara ya Mtakuja mpaka inapokata kona.

Walipita. Mtoto akaanza kulia kwa jua. Mbeleko ikanyoosha mikono, ikampokea.